Namna ya kuchunguza kasoko za Mirihi kwa picha za obiti, ukianzia Katwe

Kama unaishi magharibi mwa Uganda, upande wa Kasese, Rubirizi au Fort Portal, mashimo makubwa ya mviringo si kitu kigeni kwako. Katwe wanakochimba chumvi ni mojawapo. Nyamunuka lenye harufu ya kiberiti ni jingine. Nyinambuga, lile ziwa lililochorwa kwenye noti ya elfu ishirini, ni jingine tena. Kuna mengine mengi, makavu na yenye maji, kuanzia Bunyaruguru hadi Kasenda, na hakuna hata moja kati ya hayo lililochimbwa na jiwe kutoka angani. Yote ni kazi ya milipuko ya volkano.

Nayataja mapema kwa sababu mwongozo huu unahusu kasoko za Mirihi (wengine huziita kreta), ambazo nyingi mno zilichimbwa na mawe ya angani. Anayeanza kazi hii hukosea palepale mlangoni: akiona duara, anaandika "kimondo". Duara peke yake halithibitishi kitu. Mwaka 1891 mjiolojia mashuhuri wa Marekani, Grove Karl Gilbert, alifika kwenye shimo la Arizona lenye upana wa kilomita 1.2, akalipima kwa uangalifu, akaondoka akiamini kwamba ni mlipuko wa mvuke wa volkano. Ilibidi kungoja hadi 1960, Eugene Shoemaker na wenzake walipokuta ndani ya mawe ya pale koesiti, madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa mno ambao volkano haiutoi juu ya ardhi. Gilbert alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo lenyewe na bado lilimponyoka. Wewe utakuwa na picha tu.

Kwa nini Mirihi

Dunia ina kasoko za mgongano zilizothibitishwa karibu 200 tu. Iliyo jirani nasi kuliko nyingi ni Luizi, kule Katanga nchini Kongo, yenye upana wa kilomita 17 hivi, iliyothibitishwa mwaka 2011. Mvua, mito, misitu na mwendo wa mabamba ya ardhi vimezifuta nyingine. Hewa nayo hutukinga. Tarehe 14 Agosti 1992 kimondo kilipasuka juu ya Mbale, mawe yake yakatawanyika mjini na vijijini, yote pamoja zaidi ya kilo 100. Kipande cha gramu chache kiligonga majani ya mgomba kisha kikampiga mtoto kichwani bila kumdhuru. Jiwe zima lingefika chini bila kupunguzwa kasi, habari ingekuwa nyingine.

Mirihi hewa yake haifiki hata asilimia moja ya uzito wa hewa yetu, haina mvua, na mabamba yake hayatembei. Kilichochimbwa miaka bilioni 3 iliyopita bado unaweza kukiona. Orodha ya Stuart Robbins na Brian Hynek, iliyochapishwa 2012, ina kasoko zaidi ya 384,000 zenye upana wa kilomita 1 au zaidi. Mwezi nao unafaa, na Utaridi pia, lakini Mirihi ina picha nyingi zaidi za bure na mambo mengi zaidi ya kusoma: barafu, upepo, mito ya kale.

Vifaa, na namna ya kutomaliza bando

Kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inatosha. Simu haitoshi: utaona picha, ila kupima kwa kidole ni kujidanganya. Tafuta na mausi, maana kuchora duara kwa kibao cha laptop kunachosha mkono na kuharibu vipimo.

Anza na Google Earth Pro, ile inayowekwa kwenye kompyuta. Juu kabisa kuna alama ya sayari yenye pete. Ukiibonyeza utachagua Mirihi, na rula yake inafanya kazi kule kama inavyofanya hapa. Sehemu ambazo umekwishazitazama hubaki kwenye diski kwa muda, kwa hiyo siku yenye mtandao mzuri zungukia eneo lako lote polepole, na siku bando limeisha utaendelea na kazi. Ukishazoea, hamia JMARS, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ambayo ina hadi tabaka maalumu la kuhesabu kasoko. Hiyo inataka intaneti muda wote. QGIS, programu ya ramani, nayo ni ya bure na hufanya kazi bila mtandao, ukishakuwa na picha zako mwenyewe.

Picha zinatoka kwenye kamera tofauti, na inabidi ujue unatazama ipi.

THEMIS, kwenye chombo Mars Odyssey kilichofika mwaka 2001, hupima joto la ardhi usiku na mchana. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 100 ardhini. CTX, kwenye Mars Reconnaissance Orbiter kilichofika 2006, ina pikseli ya mita 6 hivi na kila picha yake hufunika ukanda wa kilomita 30. Hiyo ndiyo itakuwa ng'ombe wako wa maziwa. HiRISE, iliyo kwenye chombo hicho hicho, huona hadi jiwe la ukubwa wa meza, lakini hufunika ukanda wa kilomita 6 tu na faili lake kamili ni zito kweli. Usilipakue. Kuna toleo dogo la kutazama kwenye ukurasa uleule wa picha, na kwa kazi ya mwanzo linatosha kabisa. Kwa mwinuko kuna MOLA, vipimo vya leza vya mwishoni mwa miaka ya 1990, vyenye pikseli ya karibu nusu kilomita: vizuri kwa kasoko kubwa, havina msaada kwa ndogo.

Kabla ya kwenda Mirihi, chora Katwe

Zoezi hili watu hulidharau. Fungua Dunia kwanza, nenda kusini mwa Rwenzori, kati ya Ziwa George na Ziwa Edward. Kama ulisoma jiografia ya sekondari unakumbuka ramani ya 1:50,000 na maswali ya kusoma picha. Sasa utafanya hayo hayo, tofauti ni kwamba huna mistari ya kontua.

Chora duara kwenye kila kasoko unayoiona, kisha jitenge kidogo na utazame mpangilio. Hazikutawanyika ovyo. Zimejikusanya kwenye ukanda unaofuata mipasuko ya Bonde la Ufa, nyingine zimekalia nyingine, na ukubwa wao haupishani sana. Fanya vivyo hivyo Kasenda. Ukingo wa nyingi umeinuka kidogo, kwa sababu mlipuko wa volkano nao hutupa majivu na mawe pembeni. Hapo ndipo penye somo: ukingo ulioinuka hautoshi kukuambia kwamba kitu kilianguka kutoka juu. Unahitaji ushahidi zaidi ya mmoja. Kisha panda hadi Elgon uone kaldera yake: shimo pana juu ya mlima, mlima wenyewe ukiwa umejengwa na lava. Kimondo hakichagui kilele cha mlima.

Andika kwenye daftari, kwa maneno yako, kwa nini unasema Katwe si ya kimondo. Ukishindwa kuandika sentensi tatu zenye hoja, rudia.

Mirihi nayo ina mashimo ya aina hiyo. Kilele cha Olympus Mons, mlima mkubwa wa volkano, kina kaldera kadhaa zilizoingiliana, na kwenye uwanda wa Tharsis kuna misururu ya mashimo yasiyo na ukingo wala vifusi, ambayo yalitokea ardhi ilipotitia. Vitu hivi vitakukuta. Afadhali viwe vimekukuta nyumbani kwanza.

Jua liko upande gani?

Swali hili uliulize kwa kila picha, kabla ya lolote lingine. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Picha ikiwa na mwanga unaotoka chini, shimo huonekana kama kilima na kilima kama shimo, na ukishaliona hivyo ni vigumu kuligeuza.

Kijana mmoja wa Senior Three aliwahi kunionyesha kasoko kwenye skrini.

"Mwalimu, huu si mlima?"

"Jua linatoka wapi hapo?"

"Kushoto."

"Upande wa kushoto wa huo mlima wako una mwanga au giza?"

Akasogea karibu na skrini. "Giza."

"Sasa mlima gani una giza upande linakotoka jua?"

Akatazama tena, akacheka peke yake. Shimo lilikuwa limefunguka.

Kanuni ni hiyo hiyo aliyoifikia yeye. Katika shimo, ukuta ulio upande wa jua ndio wenye giza, na ukuta wa mbali ndio unaong'aa. Katika kilima ni kinyume. Kwa bahati nzuri CTX inakurahisishia kazi: chombo kinachoibeba hupita juu ya kila eneo karibu saa tisa alasiri kwa saa za pale, kwa hiyo katika picha ambayo kaskazini iko juu, mwanga kwa kawaida hutoka magharibi, yaani kushoto kwako. Karibu na ncha za sayari hali hubadilika, na picha ghafi ambazo hazijapangwa kwenye ramani huenda zimepinduliwa, kusini ikawa juu. Soma maelezo ya picha. Ukiwa na shaka, izungushe hadi mwanga utoke juu, utazame upya.

Na kama picha ni ya THEMIS ya usiku, sahau vivuli kabisa. Pale mng'ao maana yake ni joto: mawe hutunza joto la mchana, vumbi hupoa upesi. Kasoko changa yenye mawe mengi itang'aa usiku hata kama mchana haina la kujivunia.

Kupima upana

Vuta rula kutoka ukingo hadi ukingo, mara tatu kwa pande tofauti, uchukue wastani. Pima juu ya ukingo wenyewe, pale ardhi inapoanza kushuka ndani, si pale kivuli kinapoanza.

Hapa kuna mtego wa kitaalamu. Ukiingiza picha kwenye QGIS bila kuiambia kwamba ni ya Mirihi, programu itapima kana kwamba uko Duniani. Kwenye ikweta ya Dunia digrii moja ni kilomita 111; kwenye ikweta ya Mirihi ni 59 hivi. Kasoko ya kilomita 10 itakuwa karibu 19, na hakuna kitakachokuonya. Jipime kwa kasoko inayojulikana kabla ya kuanza: Gale, kwenye 5.4° kusini na 137.8° mashariki, ina kipenyo cha kilomita 154. Kama rula yako inakupa 290, unajua tatizo liko wapi.

Kumbuka pia mpaka wa macho ya kamera. Kitu chenye upana wa pikseli mbili au tatu kinaweza kuwa chochote. Kanuni nzuri ni kutoamini kasoko isiyofika pikseli 10. Kwa CTX hiyo ni mita 60. Kwa THEMIS ni kilomita 1. Chini ya hapo usiandike, hata kama moyo unakuambia ipo.

Kusoma umbo

Kasoko ndogo za Mirihi ni bakuli tupu, laini kuta zake. Mfano mmoja ni Victoria, ingawa mmomonyoko umeutafuna ukingo wake, karibu na 2° kusini na 5.5° magharibi, yenye mita 800 kasoro, ambayo gari Opportunity iliifikia mwaka 2006. Ukipita upana wa kilomita 5 hadi 8 hivi, sura inabadilika. Kuta hazijiwezi tena, huporomoka na kuacha matuta ya ngazi. Sakafu inakuwa bapa. Na katikati kunainuka mlima, kwa sababu ardhi iliyogandamizwa huruka kurudi juu kabla haijatulia. Kwenye Mwezi badiliko hilo hungoja hadi kilomita 15 au 20, kwa sababu mvutano wa Mwezi ni mdogo zaidi. Kwenye kasoko kubwa mno mlima wa kati hugeuka pete: tazama Lowell, yenye kilomita 200 hivi, kwenye 52° kusini na 81° magharibi. Kubwa kuliko zote zinazoonekana wazi ni Hellas, bonde lenye upana wa karibu kilomita 2,300, ambalo ukiwa karibu sana hata hulioni kuwa ni kasoko.

Mlima wa kati na matuta ndio ushahidi ulioukosa Katwe. Ukiviona pamoja na vifusi kuzunguka pande zote, unaweza kuandika "mgongano" bila kusita. Lakini usidhani kila mlima ulio ndani ya kasoko uliruka hapo siku ya mgongano. Ule wa Gale, wenye kimo cha zaidi ya kilomita 5, umejengwa na tabaka juu ya tabaka za mchanga na tope. Ndiyo sababu gari Curiosity lilipelekwa pale, likatua mwaka 2012. Tofauti utaiona kwenye picha ya CTX yenyewe: mlima uliojengwa na tabaka una mistari inayofuatana kwenye miteremko yake.

Baada ya umbo, angalia uchakavu. Kasoko changa ina ukingo mkali, kina kirefu, na vifusi vinavyoonekana hadi mbali. Iliyozeeka ukingo wake umelainika, sakafu imejaa mchanga au lava, na juu yake zimekaa kasoko nyingine ndogo. Iliyokalia nyingine ndiyo changa zaidi. Hilo halina ubishi, na ukilifuata kwa subira unaweza kupanga kasoko zote za eneo kwa umri bila kujua mwaka hata mmoja. Jezero, kwenye 18.4° kaskazini na 77.5° mashariki, ni darasa zuri: ukingo wa magharibi umekatwa na mto wa kale, na ndani yake umebaki udongo uliomwagwa mto ulipoingia ziwani. Kwa hiyo mgongano ulitangulia, maji yakafuata.

Kupima kina kwa kivuli

Hapa kalkuleta ya shuleni inaingia kazini. Katika maelezo ya kila picha ya CTX kuna pembe ya mwanga (kwa Kiingereza "incidence angle"), inayohesabiwa kutoka utosini. Toa pembe hiyo kwenye 90, utapata jua lilikuwa juu ya upeo kwa digrii ngapi. Kisha:

kina = urefu wa kivuli × tan (pembe ya jua juu ya upeo)

Tuseme una kasoko ya upana wa mita 1,500. Pembe ya mwanga ni 70, kwa hiyo jua lilikuwa digrii 20 juu ya upeo. Unapima kivuli kuanzia ukingo wa magharibi, ukifuata mwelekeo wa mwanga, unakuta pikseli 125. Mara mita 6, ni mita 750. Tan ya 20 ni 0.364. Kina ni mita 273.

Angalia kwamba katika mfano huu ncha ya kivuli imefika katikati kabisa ya kasoko, penye kina kikubwa. Hilo ni sharti. Kivuli kikiishia katikati ya ukuta, ulichopima ni kimo cha ukingo juu ya pale kilipoishia, na kina halisi ni kikubwa zaidi. Andika "si chini ya", usiandike "ni". Kivuli kikivuka katikati na kuanza kupanda ukuta wa pili, nacho pia hakikupi kina cha sakafu.

Gawanya kina kwa upana: 273 kwa 1,500 ni 0.18. Bakuli changa huwa karibu na 0.2, kwa hiyo hii bado ni nzima. Ukipata 0.08 kwenye kasoko ndogo ya umbo la bakuli, imejazwa na kitu, na swali la kuuliza ni kimetoka wapi: upepo, lava, au ukuta wake mwenyewe. Kwa kasoko zenye mlima wa kati usitumie kipimo hicho, maana hizo kwa asili ni za kina kifupi ukilinganisha na upana wake.

Vifusi: sehemu ninayoipenda kuliko zote

Jiwe linaloanguka Mirihi huja kwa kasi ya kilomita 10 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo halichimbi kama jembe, linalipuka. Ndiyo maana shimo huwa la duara hata jiwe likija kwa mshazari. Ukitaka kujua lilitoka upande gani, shimo halitakuambia sana, lakini vifusi vitakuambia. Likija kwa pembe ndogo sana, vifusi hukosekana upande lilikotoka, na pembe ikiwa ndogo zaidi hutawanyika pande mbili kama mabawa, pamoja na shimo kurefuka.

Kwenye Mwezi vifusi ni vumbi na miale mikavu. Kwenye Mirihi utakutana na kitu tofauti. Tazama Yuty, kwenye 22° kaskazini na 34° magharibi, kasoko ya chini kidogo ya kilomita 20. Vifusi vyake vimesambaa vikiwa na ndimi zenye ukingo mnene, kama tope linavyoruka lori linapokanyaga dimbwi barabarani, likaganda lilipofikia. Wengi wanakubali kwamba maji au barafu iliyokuwa chini ya ardhi ndiyo iliyolainisha vifusi hivyo. Chora mpaka wa kila ulimi, uhesabu tabaka: moja, mbili, au zaidi. Kisha fanya hivyo kwa kasoko nyingi za ukubwa unaolingana kwenye latitudo tofauti, nawe utakuwa unauliza swali la kweli kuhusu barafu ya Mirihi.

Barafu hiyo haiko kwenye mawazo tu. Tarehe 24 Desemba 2021 chombo InSight, kilichokuwa kimetua Mirihi, kilisikia tetemeko. Baadaye picha za CTX zilionyesha doa jipya ambalo awali halikuwepo, na HiRISE ikaona kasoko ya mita 150, ikiwa imezungukwa na mabonge meupe ya barafu yaliyochimbuliwa. Zitafute picha zake za kabla na za baada. Kwa macho ya mwanzo hakuna zoezi zuri kuliko kulinganisha jozi ile.

Kuhesabu

Ardhi iliyokaa wazi muda mrefu imepigwa mara nyingi. Kwa hiyo idadi ya kasoko kwa eneo ni saa, ingawa ni saa ya kukisia. Chagua mistatili miwili ya ukubwa sawa, tuseme kilomita 50 kwa 40, mmoja kwenye nyanda za juu za kusini na mwingine kwenye uwanda wa Elysium. Hesabu kasoko zote za kilomita 1 na zaidi. Iliyo kwenye mpaka ihesabu kama kitovu chake kiko ndani. Kitovu kikiwa nje, iache, na usibadili sheria katikati ya kazi.

Kosa la hesabu lenyewe ni kipeuo cha pili cha idadi. Ukipata 18 upande mmoja, ni 18 toa au ongeza 4. Ukipata 2 upande wa pili, ni 2 toa au ongeza 1 na nusu. Tofauti hapo ni ya kweli. Lakini 18 kwa 14 si tofauti. Ni eneo dogo tu, na dawa yake ni kupanua mstatili.

Adui mkubwa ni kasoko za watoto. Mgongano mkubwa hurusha mawe, nayo yakishuka huchimba kasoko zake. Zunil, karibu na 7.7° kaskazini na 166° mashariki, ina upana wa kilomita 10 tu, lakini makadirio yaliyochapishwa 2005 yalisema ilizaa kasoko ndogo kama milioni 10, za mita 10 hadi 200. Ukizihesabu zote kama migongano ya kujitegemea, uwanda wa juzi utaonekana wa kale. Watoto huwa wamejikusanya au wamejipanga mstari, hawana kina, na mara nyingi wamerefuka kuelekea walikotoka. Miale ya Zunil ilionekana kwanza kwenye picha za joto za THEMIS, kwa hiyo eneo likikutia shaka, fungua picha ya usiku kabla ya kuhesabu. Mimi kwa wanaoanza hukataza kabisa kuhesabu zilizo chini ya kilomita 1.

Kutoka idadi hadi miaka ni safari nyingine. Saa hiyo ilipimwa kwa mawe ya Mwezi yaliyoletwa na safari za Apollo na Luna, kisha wanasayansi William Hartmann na Gerhard Neukum wakaihamishia Mirihi kwa mahesabu waliyochapisha 2001. Kwa miaka bilioni 3 na zaidi majibu yake yanaaminika kiasi. Kwa ardhi changa, yapokee kwa tahadhari, na usiandike "miaka milioni 412" kana kwamba uliona cheti cha kuzaliwa. "Changa kuliko jirani yake" ni jibu halali la kisayansi.

Daftari

Kwa kila kasoko andika: latitudo na longitudo, upana, namba ya picha, pembe ya mwanga, umbo, hali ya ukingo, vifusi, na safu moja ya "uhakika" yenye alama 1 hadi 3. Hiyo ya mwisho usiiruke. Wengi hujaza 3 kila mahali siku ya kwanza, na wiki ya pili wanaanza kurudi nyuma kuzishusha.

Kisha mpe mtu mwingine mstatili uleule, bila kumwonyesha duara zako, ahesabu naye. Hata wataalamu wanaohesabu picha moja hutofautiana, wala hawafichi. Kaeni pamoja mzipitie zile ambazo mmoja aliiona na mwingine hakuiona, moja baada ya nyingine, mkizungusha picha, mkirudi kwenye swali la jua. Zilizobaki bila mwafaka ziwekeeni rangi yake kwenye ramani, na mkitoa jibu toeni namba mbili: pamoja nazo, na bila hizo.